Ujumbe wa Jeshi Nilioukalia kwa Sababu ya Mbalaga

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jina langu silitaji, ingawa huku kwetu wananijua tayari. Ninyi wengine nisikilizeni tu, na mkitaka kucheka, chekeni. Mimi nilishalia.

Mimi ni mama wa makamo, mkulima wa mpunga na kokoa, huku Kyela kando ya ziwa. Wakati huo mume wangu, nimwite Baba Lusajo, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu. Na tulikuwa tumenuniana.

Chanzo kilikuwa mbalaga. Tulikwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Baba Lusajo akaonja ndizi za nyama alizopika huyo dada yake, akasema mbele ya wageni wote, "Leo ndiyo nimekula mbalaga." Yaani leo. Na mimi ninayempikia tangu anioe nimesimama palepale, nimeshika jagi la maji ya kunawia.

Nikaapa simsemeshi mpaka aombe radhi. Yeye wala hakujua amekosa nini, kwa hiyo akanuna kwa kuwa mimi nimenuna. Watoto wako shule ya bweni, hakuna wa kumtuma. Ikabidi tuzungumze kupitia kuku. "Wewe kuku, kama kuna mtu ana njaa, wali uko mezani." Naye anamjibu kuku huyohuyo, "Mwambie nimeshiba."

Tukiwa katika hali hiyo, likaja gari la jeshi. Akashuka afisa mmoja, binti mwenye adabu, akanisalimia, "Mugonile, mama," kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza salamu njiani. Mume wangu alikuwa Ipinda na simu yake imezimika.

"Basi nakuachia wewe, mama," akasema. "Alhamisi asubuhi tuna mazoezi hapa ufukweni. Kutakuwa na milio, boti na ndege zisizo na rubani. Risasi ni baridi, hazimdhuru mtu. Wananchi wasikimbie, ila wasishuke ziwani mpaka tumalize. Mwenyekiti awatangazie. Vitongoji vingine tumeshavipitia."

"Ndaga, asante mwanangu. Atapata."

Jioni Baba Lusajo akarudi. Haki ya Mungu, nilikuwa nao mdomoni ule ujumbe. Lakini akanipita, akamuuliza kuku kama kuna chai. Nikasema moyoni, akinisemesha mimi mwenyewe, namwambia. Hakunisemesha. Kesho yake vilevile.

Halafu likanijia wazo baya. Nikajiambia, mwache aaibike kidogo. Milio isikike, watu waje kumuuliza mwenyekiti wao, akose jibu. Niliwaza aibu ndogo tu, ya kulingana na ile ya mbalaga. Nikaukalia ujumbe.

Alhamisi asubuhi namenya ndizi uani, ziwa likapiga mshindo hadi masufuria yakalia. Boti zikaja mbio kutoka upande wa milimani. Juu ya mapaa kikapita kidude kinavuma kama mzinga wa nyuki. Risasi zikaanza.

Mume wangu alitoka bafuni na taulo. Nimpe haki yake, hakukimbia peke yake. Alizunguka nyumba kwa nyumba na taulo lile akipiga kelele, "Vita! Watoto mbele, elekeeni Ipinda!"

Jirani yangu, Mama Atu, akapita na sufuria ya maharage kichwani, bado yanachemka. Kabla ya kuondoka alifungulia nguruwe wake wote, akawaambia, "Nendeni, kila mtu ajiokoe."

Nilicheka. Nisiwafiche, nilicheka hadi kisu kikanidondoka. Kicheko kilikatika nilipomwona baba mkwe.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamsemeshi baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Akimwona njiani, anajificha. Vijana wa mjini wanaiacha desturi hiyo, lakini mimi nimeolewa katika nyumba inayoishika. Miaka yote ya ndoa yangu, mzee yule hakuwahi kuisikia sauti yangu ikimwelekea.

Sasa mzee huyo anajikongoja na fimbo kuelekea mtoni, na mto umefurika kwa mvua. Alitaka kuvuka. Nilitazama huku na huku nipate wa kumtuma amzuie. Hakuna mtu, wote wameshakimbia.

Nikamkimbilia, nikaita, "Tata, simameni! Ni mazoezi tu, msiogope!"

Mzee akageuka. Akaniona mimi, mkamwana wake, namtazama usoni na kumsemesha. Alitupa fimbo akakimbia mbio ambazo sijawahi kuziona kwa mtu wa umri wake. Baadaye alisema milio ilimtisha kiasi, lakini aliponisikia mimi ndipo alipojua kuwa dunia imekwisha.

Akaingia mtoni. Maji yakamfika kiunoni, akayumba, na hapo mimi nilipiga magoti kwenye tope nikalia. Ghafla majani ya ng'ambo yakainuka, kumbe ni askari wawili waliojificha. Wakarukia maji. Mzee akanyoosha mikono juu akawaambia, "Wanangu, mimi ni mzee. Ng'ombe wangu wako kule, chukueni."

Walimtoa majini wamembeba mgongoni. Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu.

Majirani waliokimbia walifika kitongoji cha pili, wakakuta watu wamekaa wanatazama boti, watoto mabegani. "Mnakwenda wapi na magodoro?" wakaulizwa. "Si ni mazoezi? Mwenyekiti wenu hakuwaambia?"

Waliporudi, nguruwe wa Mama Atu walikuwa wameshamaliza vitalu vyetu vya mpunga, na askari wenye majani kwenye kofia wanawafukuza tope hadi magotini.

Yule afisa akaitisha watu uwanja wa kanisa. Akanitazama kwa huruma. "Mama, si nilikuachia ujumbe?"

Baba Lusajo akageuka, bado na taulo. "Mke wangu, ulijua?"

Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu kipaimara. Nikatafuta kuku kwa macho, hakukuwa na kuku. Ikabidi niseme yote, tangu mbalaga.

"Ndizi?" akasema. "Baba yangu nusura azame kwa ajili ya ndizi?"

Nilitoa mtamba wangu, ng'ombe pekee niliyemwita wangu, kulisafisha kosa la kumsemesha mkwe. Nilikwenda Busale kuomba miche ya mpunga, nikapandikiza mashamba ya majirani kabla ya kugusa langu. Uchaguzi ulipofika, mume wangu hakupata kiti. Alikuwa mwenyekiti mzuri, na aliyemwangusha ni mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ng'ombe.

Mzee alipona. Mama mkwe aliniambia kwamba siku moja, akikandwa mguu, alisema, "Kumbe yule mkamwana ana sauti nzuri." Sikujua nicheke au nilie.

Basi wenzangu, kununa siwezi kuwakataza, mimi mwenyewe bado nanuna. Lakini mtu akikuachia neno la watu, litoe kwanza. Ukishalitoa, rudi ndani ukanune vizuri.