Nguzo za Bandari Kwenye Dimbwi la Mihogo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Hifadhi ya mambo ya kale pale Gitega alinikabidhi ndoo, si kalamu. "Bwana mdogo," akasema, "mti uliolala majini miaka na miaka unashikiliwa na maji tu. Ukikauka ghafla unajikunja, unapasuka, na historia imekwenda. Kazi yako ni kuulowesha." Mimi niliyerudi kutoka Tanzania na cheti changu mkononi nilinuna wiki nzima. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo mna dawa za kuulisha mti badala ya maji. Sisi tulikuwa na ndoo.

Watu hucheka nikisema nilihifadhi bandari ya kale Muyinga, mbali na bahari. Lakini mto Ruvubu ulikuwa na bandari yake, mahali mitumbwi ilipofungwa na mizigo kushushwa. Wafyatua matofali waliokuwa wakichimba udongo bondeni walikuta nguzo sita za gati lake zimesimama kwenye tope. Hizo ndizo zilizobaki, basi.

Nilizitoa, nikazifunga magunia mabichi, nikaziacha kwa Mama Kezia, mkulima wa Gasorwe. Nikamwomba azimwagie maji kila asubuhi, nami nikaenda Gitega kutafuta gari. Siku tatu zikawa wiki tatu, tena kiangazi. "Zikikauka," Mkuu aliniambia, "usijisumbue kurudi kazini."

Nilipofika Gasorwe, magunia yalikuwa yameanikwa kwenye uzio, makavu kabisa. Nguzo hazipo. Nikakaa kwenye vumbi, machozi yakinitoka.

"Mwanangu, unalia nini?" Mama Kezia alitokea na jembe. "Kila siku kupanda na maji toka bondeni, mi nitaweza? Nikaona afadhali miti ifuate maji. Iko kwa mihogo."

Tukashuka. Ndani ya dimbwi analolowekea mihogo mpaka ilainike, nguzo zote sita zililala chini ya majani ya migomba na mawe, hazina ufa hata mmoja. Nilimkumbatia pamoja na jembe lake. Harufu yenyewe siisemi.

Mkuu alinisifu mbele ya wote kwa ubunifu, nami sikumtaja Mama Kezia. Aibu hiyo niliibeba mpaka siku ya kustaafu, nilipomleta Mama Kezia Gitega, kwenye ghala letu la vitu vya kale, na kusema ukweli hadharani. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Mwenyewe hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameinamia tangi la saruji, anazitazama nguzo majini.

"Kumbe mlizitoa kwangu," akasema, "muje kuziloweka huku?"