Kengele Niliyoizima

Ofisini kwetu Chake Chake, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga programu ya kuchunga betri ya akiba ya kompyuta. Umeme ukikatika, ilipaswa kupiga kengele, kisha kuizima kompyuta taratibu ili kazi isipotee. Kelele zake zilinikera, nikaizima programu yote.

Wiki ile ile umeme ulikatika asubuhi. Bi mkubwa aliyekuwa mpiga chapa wetu alikuwa akiingiza majina ya watoto waliozaliwa Makangale. Betri ikaisha kimya kimya, kompyuta ikazimika, faili likaharibika.

"Nisamehe mwanangu, labda nimebonyeza pasipofaa," aliniambia.

"Hutokea, Bi," nikajibu.

Akayaandika upya kwa siku nne. Nilimpelekea chai kila asubuhi, lakini ukweli sikumwambia mpaka akastaafu.