Aliyepiga Kura ya Kwanza

Wiesława Kurczab ni fundi cherehani, jirani yangu, na tunasali rozari pamoja. Mji wetu uko karibu na Tarnów, kusini mwa Poland. Halmashauri ilimchagua kuwa mmoja wa raia wawili wanaokaa na hakimu kwenye kesi za kazi. Hawakai pale kama mapambo, nao wanapiga kura. Tena kati yao mwenye umri mdogo ndiye huanza, hakimu humalizia, ili mtu asijifiche nyuma ya mkubwa. Mdogo alikuwa Wiesława.

Mwaka ule serikali iliwaandama mahakimu. Aliyeamua kinyume na wakubwa alifunguliwa mashtaka ya nidhamu. Watu wakasimama nje ya mahakama na mishumaa kuwatetea. Ludmiła, mpishi wa shule, alisimama nao, na meya akamfukuza kazi. Ludmiła akamshtaki.

Korti, Wiesława akiwamo, iliamua arudishwe jikoni. Hukumu haikusema nani alitaka nini, maana yanayosemwa chumba cha mashauri hubaki humo kwa kiapo.

Kesho yake Bwana Rożek, msaidizi wa meya, akaja na suruali ya kupunguzwa urefu. Mimi nilikuwepo, nakunywa chai.

"Mama Wiesława! Nasikia wenzio walikuzidi nguvu mle ndani, eti?"

"Simama wima, nitakuchoma na pini."

"Binti yako Kinga anafanya kazi chekechea ya mji, na meya ndiye bosi. Sema tu kwamba ulipinga. Neno moja. Nani atajua?"

"Mungu, na huyu hapa anayenimalizia keki."

Nilicheka peke yangu. Wiesława alipiga magoti, akakunja pindo taratibu.

"Njoo Alhamisi," akasema.

Alhamisi hakuja. Kinga ndiye aliyekuja, mtoto kiunoni, macho mekundu. Meya alikuwa amemwachisha kazi.

"Mama, kama ulipinga, si ungesema tu? Na kama hukupinga, niambie mimi, mwanao!"

"Siwezi, mwanangu. Nikisema kwa kuogopa, mwenzangu atakayekaa pale kesho ataanza kuogopa kabla hajafungua mdomo."

"Na huyu mtoto ale nini? Kiapo chako?"

Wiesława alimpokea mtoto, akampakata. Kisha akasema, "Nenda kashtaki. Mimi sitakaa kwenye kesi yako."

"Korti ile ile wanayoitia hofu?"

"Ile ile. Hatuna nyingine."

Kinga aliubamiza mlango hadi picha ya Mama Maria ikaenda upande ukutani.

Alishtaki hata hivyo. Kesi haijasikilizwa bado, na yule hakimu wa kesi ya Ludmiła ameitwa kujieleza kwa mashtaka ya nidhamu. Wiesława ameshona mapazia ya watu majira yote ya baridi ili amlishe mjukuu, na Kinga huchukua chakula bila kuketi.

Jumapili kanisani, padri anapotuambia tutakiane amani, Wiesława hugeuka akamtafuta binti yake kwa macho. Kinga humwinamishia kichwa, kama anavyowainamishia watu wengine wote.