Mashine Iliyofuma Plastiki

Mugure wa Kabazi amefuma sweta za shule miaka kumi na tisa. Ukikutana na mtoto amevaa sweta ya kijani huko njia ya Subukia, ivute kidogo begani: ikirudi mahali pake bila kulegea, hiyo ni ya Mugure, usiulize tena. Lakini tangu Januari mashine yake ya kufuma ilikuwa imenyamaza. Kigurudumu kimoja, kidogo kuliko kifuniko cha soda, kilikuwa kimeng'oka meno mawili. Alitafuta spea Nakuru nzima, akaambiwa mashine za aina hiyo ziliacha kutengenezwa kabla bintiye Lynn hajazaliwa. Ndipo mumewe Gathogo, mtu wa maneno machache na yote ya kuvunja moyo, akamwita mtu wa skrapu, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, aje Jumatatu aibebe.

"Chuma ni chuma," alisema.

Jumamosi Lynn akawaburuta wote wawili mpaka mjini, kwenye maonyesho ya teknolojia ambako, alisema, kila kitu kinaguswa. Na kweli kiliguswa! Watoto waliunganisha nyaya, taa zikawaka. Nyanya mmoja aliendesha roboti ya kumwagilia sukuma wiki, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Gathogo alitazama droni ikipaa, akasahau kufunga mdomo. Mugure hayo yote yalimpita tu. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umekishika kile kigurudumu.

Kuuliza si ujinga. Akakiweka kwenye meza ya Kigen, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akionyesha mashine ya kuunda vitu. Kigen akakipima, akakichora kwenye kompyuta, akakirudishia meno yaliyong'oka, akabonyeza.

Ncha ya moto ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikiacha uzi mwembamba wa plastiki. Ikapanda kidogo, ikalaza mwingine juu yake. Mugure aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Uzi unatoka kwenye kibiringo, mstari juu ya mstari, huku na huko. Ngai! Kazi hii aliijua.

"Lynn, kuja uone! Hii kitu inafuma!"

Miaka yote hiyo alidhani anafanya kazi ya waliokosa kazi nyingine, kumbe hata wenye kompyuta wanafanya ileile.

Mara nyuzi zikavurugana, kazi ikaharibika. Kigen akaanza upya, ikaharibika palepale. Akalaumu joto, akalaumu stima.

"Pole mathe, leo imekataa. Na tunafunga saa kumi."

Moyo ulimshuka Mugure, lakini masikio yalikuwa juu, kwenye kibiringo.

"Boss, ngoja. Skiza. Uzi yako inakwama, halafu inaruka. Yangu ikifanya hivyo, sweta inatoboka."

Akakitoa kibiringo bila kungoja ruhusa, akakuta uzi umepita chini ya mwenzake, akaufungua. Kisha akatoa mkobani kipande cha mshumaa anachopaka kwenye mashine yake, akakisugua kwenye chuma kinachobeba kibiringo. Kigen akamtazama Lynn, Lynn akatazama pembeni.

"Washa," Mugure akasema.

Walisimama karibu saa nzima, hakuna aliyetaka kukaa. Gathogo ndiye aliyekuwa akihesabu meno kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka yakatimia yote. Kigurudumu kilitoka kikiwa bado na joto, na Mugure akalia mbele za watu bila haya.

Jumatatu asubuhi mtu wa skrapu alifika na mkokoteni, akamkuta Gathogo ameegemea lango. Ndani kulisikika krr, krr, krr.

"Mzee, ile chuma iko wapi?"

Gathogo alisikiliza kwanza, kama mtu aliyeambiwa habari njema anayetaka kuambiwa tena.

"Iko kazini," akasema. "Na wewe, mtoto wako anavaa sweta saizi gani?"