Nilichagua mashine ya kupalilia kwa kupima mguu wangu, mdogo wangu akabeba kosa

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Nimepita miaka themanini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Kila nitakachosema kilinipata mimi mwenyewe, na pale nilipokwisha kusahau nitasema nimesahau.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza anunue cultivator, mashine ya kupalilia, ya size gani kwa shamba lake la karanga. Mlimjibu vizuri kuhusu injini, mafuta na spea. Sikuona aliyemuuliza mistari yake ina upana gani. Nikaweka simu chini.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji huu bado ukiitwa Stanleyville. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto Tshopo, kwenye njia ya Buta. Baba na mama walikwenda Isangi kwenye msiba, na wakati wa kurudi pirogi, mtumbwi waliopanda, ikapinduka. Tuliwazika siku moja.

Nikabaki na wadogo wawili. Asumani alikuwa na miaka kumi na moja, Mariamu saba. Mimi, Fatuma, nilikuwa na kumi na saba. Shule nilikwisha kuiacha darasa la tatu ili nimsaidie mama.

Arobaini ilipokwisha, tonton Salumu, mdogo wa baba, alisema mbele ya ukoo kwamba Asumani ataenda naye Opala, na Mariamu ataenda kwa shangazi Isangi. Hakusema kwa ubaya. Kwetu yatima hawakuachwa peke yao, waligawanywa kwa ndugu ili kila mmoja apate sahani ya kula.

Nikapiga magoti. "Tonton, utuachie musimu moja. Karanga ikitoka muzuri, tubakie pamoja."

Alinitazama sana. "Moja tu, Fatu. Nikikuta magunia, nitanyamaza. Nikikuta majani, nabeba watoto."

Tangu siku ile, kila nilipoangalia shamba niliwaona wadogo zangu.

Sasa nieleze tulivyopanda, maana tatizo lilianzia hapo.

Mama hakuwa na kamba wala fimbo ya kupimia. Alipima kwa mguu: kisigino mbele ya kidole, miguu miwili kutoka mstari hadi mstari. Nasi tukafanya hivyo hivyo. Mimi nilipanda nusu ya shamba. Nusu ya pili alipanda Asumani alipotoka shule, Mariamu akimfuata nyuma na kudondosha mbegu. Kila mtu alipima kwa mguu wake. Mama alikuwa akipanda peke yake miaka yote, kwa hiyo hatukuwahi kujua kwamba miguu miwili si kipimo kimoja.

Mvua ikanyesha na majani yakaja mbio kuliko karanga. Mnaolima kwenye ardhi iliyokuwa msitu mnanielewa: unapalilia huku, unageuka, nyuma kumeota.

Asumani akasema ataacha shule tupalilie wote. Nikakataa. Mmoja aliyeacha alitosha.

Nikachukua baiskeli ya baba, nikaisukuma mpaka duka moja karibu na bandari, nikaibadilisha kwa mashine ya kupalilia. Msifikirie mashine za leo. Ile ilikuwa ya kusukuma kwa mikono, gurudumu mbele, vyuma vya kukata nyuma. Ng'ombe hatukuwa nao, mbung'o hawakuwaruhusu.

Zilikuwepo mbili. Moja pana, ya meno matano, inasafisha nafasi yote ya katikati kwa safari moja. Nyingine nyembamba, ya visu viwili vidogo, ambayo lazima upite mara mbili, kwenda na kurudi.

Karani wa duka alikuwa mzee anayeitwa papa Amisi. Akaniuliza, "Mustari yenu iko na upana gani?"

"Miguu mbili, papa."

"Miguu ya nani?"

Nikacheka. "Ya mutu! Kwenu munapanda na miguu ya mbuzi?"

Naye akacheka, lakini hakuacha. "Bon. Rudi nyumbani, pima yote na kamba, kesho uje. Mashini haitakimbia."

Sikurudi. Nyumbani kulikuwa mbali, na kila siku ilikuwa siku ya majani. Nikavua kiatu, nikapima miguu yangu miwili pale kwenye sakafu, nikaweka ile mashine pana juu ya alama. Ikaingia, na nafasi ikabaki kidogo kila upande. Nikaichukua. Ile nyembamba niliidharau, niliona ni ya mtu mwenye muda wa kupoteza.

Majirani waliponiona narudi nayo njiani, mmoja akapiga kelele, "Fatuma! Baiskeli ya marehemu imezaa! Mutoto iko na gurudumu moja!" Tukacheka wote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Na wakuu, ile mashine ilifanya kazi. Palizi iliyokuwa ikituchukua wiki mbili tuliimaliza kwa siku nne. Asumani hakukosa shule hata asubuhi moja.

Palizi ya pili ilikuta maua ya njano yameshaanguka. Hapo ndipo karanga inashusha vile vijiti vyake kwenye udongo ili ifunge. Mama akifika hapo aliweka jembe chini, akang'oa majani kwa vidole. Nililijua hilo. Lakini nilijiambia kwamba meno yanapita katikati, mbali na shina.

Kwenye mistari yangu ilikuwa kweli.

Tulipofika upande wa Asumani, yeye ndiye aliyekuwa akisukuma. Akasimama. "Yaya," ndivyo alivyoniita mimi dada yake mkubwa, "inakata kitu. Ninasikia."

"Ni mizizi ya miti. Sukuma."

Akasukuma hatua chache, akasimama tena. "Yaya, si mizizi."

"Alors unataka tonton akute majani? Sukuma!"

Akasukuma mpaka mwisho.

Karanga hazikunyauka. Mvua ilikuwa nyingi, majani yakabaki ya kijani, shamba likapendeza kuliko la mtu yeyote njia ile. Miezi ile tulilala tukijua tumeshinda.

Siku ya kuvuna, tonton alikuwa amefika. Nikaanza kung'oa upande wangu, karanga nyeupe zimejaa, Mariamu akaruka-ruka. Tukahamia upande wa pili. Asumani akashika shina kubwa, la kijani, akavuta.

Chini kulikuwa na mizizi na punje tatu.

Akavuta la pili. Akavuta mstari mzima, haraka haraka. Nikaenda kupima kwa mikono yangu nafasi ile. Ilikuwa pungufu ya yangu kwa upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu tu, wakuu. Meno ya pembeni yalikuwa yamepita chini ya majani yakakata vile vijiti kabla havijafunga.

Tonton hakufoka. Alikaa juu ya kisiki, akasema taratibu, "Fatu, umefanya kazi. Lakini hii inalisha watu wawili mpaka mvua nyingine. Hailishi watatu. Mumoja nitaenda naye."

Kabla sijafungua mdomo, Asumani akasema, "Niende mimi, tonton. Mustari ilikuwa yangu. Mimi nilipima mubaya."

Nami nikanyamaza.

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Ningeweza kusema: hapana, alipima sawa, ni mimi niliyechagua mashine bila kupima mistari yake, na aliniambia mara mbili sikumsikia. Niliona aibu mbele ya tonton, na nilikuwa nimechoka. Nilisema moyoni nitamwambia atakaporudi kututembelea.

Asubuhi yake kamiyo, lori la kwenda Opala, ilikuwa ikingoja barabarani. Asumani alitembea kuiendea kwa hatua ndefu kupita kiasi, akinyoosha miguu mpaka anayumba. Tonton akamcheka, "Unapima barabara?" Mimi nilielewa kwamba alikuwa akijaribu kurefusha kipimo chake kifikie changu, na bado sikumwita.

Homa ilimchukua huko Opala kabla ya mwaka kwisha, kabla hajarudi kututembelea hata mara moja. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mashine niliitumia misimu mingi baadaye. Nilipanda kwa kamba, nikapalilia, nikamlea Mariamu, akasoma kuliko mimi. Chuma kile hakikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza: kabla ya kwenda dukani, pima spacing ya mistari ya shamba lote, na uchague mashine kwa mstari wako mwembamba kuliko yote. Usichague kwa ule unaokupendeza. Maua yakianguka, chuma kitoke shambani. Na anayeisukuma akikwambia inakata kitu, simama uchimbe uone.

Wenye uzoefu wa karanga nirekebisheni nilipokosea, kijana asome na yenu. Na kama yupo humu ambaye mdogo wake amebeba kosa lisilo lake, asimalize kusoma comments. Ampigie simu kwanza.