Sifuri za Kilimani

Ofisini walimwita Dada Ramani, maana hata ukimtuma sokoni lazima kwanza akuchoree njia. Alikuwa mwoga wa makosa. Mlango akishaufunga, hurudi kuusukuma.

Asubuhi hiyo bosi alitaka nyumba zote zilizo chini ya mita thelathini kutoka mtoni zitiwe alama, zivunjwe kabla ya mvua. Dada Ramani akaiandikia ramani ya kompyuta mistari michache ya Python, lugha ya kuiamuru kompyuta: umbali ukiwa chini ya thelathini, safu ya hali isome "vunja", la sivyo, "acha". Akabonyeza. Bonde likawa jekundu, akalikagua nyumba kwa nyumba, akachapisha. Wapaka rangi wakaondoka na ndoo zao.

Mchana, kikombe cha chai mkononi, akaona kwenye ramani wekundu kilimani. Kilimani, ambako mto hata hausikiki!

Akafungua safu ya umbali. Sifuri, sifuri, sifuri. Nyumba zile zilikuwa hazijapimwa. Umbali wake uliachwa wazi, na faili lilipobadilishwa aina, kila palipo wazi pakajazwa sifuri. Kompyuta ikatii kama ilivyoambiwa: sifuri ni chini ya thelathini. Sharti moja tu la kuziruka zisizopimwa, naye hakuliandika. Na nyumba ya tatu kutoka juu ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa.

Akampigia dereva wa wapaka rangi; hapatikani. Akapiga tena.

"Kuna nini?" bosi akauliza.

"Nimeharibu, bosi. Zuia matingatinga!"

Akarukia pikipiki. Njia nzima aliogopa hata kutazama mbele, akijiambia rangi hufutika, rangi si tingatinga.

Kweli, hapakuwa na tingatinga. Palikuwa na alama nyekundu ukutani, imeshakauka, na majirani wakifoka kwamba hawahami ng'o. Akashusha pumzi. Ndipo aliposikia nyundo. Fundi alikuwa juu ya nyumba ya shangazi aking'oa bati, nusu ya paa iko chini, na kitanda kiko uani.

"Shangazi, mwambie ashuke! Ni makosa!"

"Makosa gani tena, mwanangu?" Shangazi alikuwa akifunga vyombo kwenye shuka. "Wenzangu wamebisha, mimi sikubisha. Niliwauliza wapaka rangi kitu kimoja tu, kama ramani umeichora wewe."