Kiu ya Injini ya Baba

Juzi, mwaka huu wa 1968, pikipiki ya kijana mmoja ilizimika mbele ya nyumba yangu hapa Mkonze. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikanirudisha utotoni, enzi za Wajerumani.

Baba aliendesha injini ya kuvuta maji stesheni ya Dodoma. Ukame ulikuwa mkali, na kina mama walikuwa wakingoja maji hayo tangu asubuhi. Lakini kila mara baba alipoiwasha, injini ilikohoa kidogo, kisha pistoni ikakwama tena.

"Ina kiu hii," alimwambia fundi mwenzake.

Nikakimbia nyumbani, nikaleta kibuyu cha maji tuliyobakiza. Baba hakunicheka. Alikunywa funda moja, akaniambia, "Asante, mama," kisha akaichomoa pistoni na kuigeuza mkononi.

"Tazama, imechubuka upande mmoja tu. Mafuta hayafiki huku."

Akaupuliza mrija wa mafuta kwa nguvu, ukatoka udongo wa kiota cha nyigu. Alipoirudisha pistoni, injini ikanguruma hadi jioni, na kila mama akaondoka na maji.

Mimi niliamini kibuyu changu ndicho kilichoiponya. Baba alinibeba mabegani hadi nyumbani, akiwaambia tuliokutana nao njiani kwamba bintiye amemsaidia kazi. Namshukuru hadi leo.